Mkunga Aliyenyamaza Bustanini

Mathilde, mkunga wa mtaa wa chini pale Kasongo, hakuogopa damu wala maiti. Lakini bustani mpya ya Serikali ilimtisha.

Aliiona Jumapili ya kufunguliwa, mtaa mzima ulipopangwa mstari kwenda kuitazama. Vichaka vilikuwa vimenyolewa kama vichwa vya askari wapya, na kimoja kimekatwa mpaka kikawa chui aliyechuchumaa, meno yake mawe meupe. Maua yaliota ndani ya mabeseni makubwa ya kuogea. Na katikati, mbali kabisa na mto, mtumbwi mkubwa umejazwa udongo kama kaburi.

"Mama, Wazungu hawa wanazika hata mitumbwi!" alinong'ona Feza, mkaza mwana wake, mkono juu ya tumbo lake kubwa. Wakacheka, cheko la woga.

Humo mtumbwini Mathilde akaiona dawa yake: yale majani mekundu kwa chini, ya kusimamisha damu ya mzazi. Zamani yaliota kando ya kijito, mpaka yakafyekwa yote kwa ajili ya shamba la pamba. Kumbe Mzungu wa bustani ameyapenda kwa rangi tu! Na amri ilikuwa moja: anayechuma ni fimbo, kisha gereza.

Siku ya tisa baada ya ufunguzi Feza akajifungua, na damu ikakataa kusimama.

Mathilde alikimbia, hata mikono hakunawa. Jua la utosini, bustani kimya. Akampita yule chui bila kumtazama, akihisi anageuza shingo. Akachuma konzi moja, akaifunga kwenye kikwembe, kitambaa alichojifunga kiunoni. Tangu hapo, mdomo wake ulikuwa na mwiko unaojulikana na wote: anayebeba dawa ya mzazi hasemi neno, hata salamu haitikii, mpaka mgonjwa anywe. Akisema, dawa inakufa.

"Jambo, mama!"

Alikuwa Sumaili, mlinzi wa bustani, fimbo mkononi. Na nyuma yake, lo, Mzungu mwenyewe na mkasi wake!

"Mama, minakusalimia! Weye iko kiziwi? Unafunga nini ndani ya kikwembe?"

Uongo mmoja mdogo, "nguo, baba," ungemwokoa yeye na kumuua Feza. Akakaza meno mpaka yakauma. Sumaili akamsogelea, fimbo juu. Ndipo akaiona damu kwenye vidole vyake. Akautazama ule mdomo uliofungwa, akavitazama vidole tena. Fimbo ikashuka polepole.

"Anataka nini?" Mzungu akauliza.

"Bwana, huyu bubu. Anatafuta kuni tu."

"Mwondoe!"

"Toka! Mbio!" Sumaili akafoka, akachapa ardhi, si mgongo.

Alikimbia akisubiri kuitwa, kila kivuli kikiwa chui. Akaponda, akachemsha, akamnywesha Feza kwa kijiko, asiseme kitu. Akakaa akitazama kitambaa. Damu ikapungua. Ikakauka. Mtoto akalia kwa njaa.

Mathilde akageukia upande wa bustani, akaitikia:

"Jambo, baba."