Visu Arobaini na Vitatu vya Karani wa Masjala

Karani wa masjala alikuwa na visu arobaini na vitatu, na hakuna hata kimoja alichowahi kukatia kitu. Vyote vilikuwa vya bei ya chini, na hilo halikumtia aibu, alilitangaza. "Watu wananunua jina, mimi nanunua chuma," aliwaambia wenzake ofisini, huku akisugua bapa la kisu kwa pindo la shati. Chuma chenyewe alikitoa kwa mchuuzi mwenye meza mbele ya stendi ya mabasi, kati ya soli za viatu na rimoti za televisheni.

Vingi vilikuwa vya kukunja, vya kutia mfukoni. Vichache vilikuwa vya porini, vyenye ala za plastiki na meno ya msumeno mgongoni, ingawa mwenyewe porini hakuwahi kutia mguu. Mara ya mwisho kukaa kwenye nyasi ilikuwa siku ya mkutano wa wazazi shuleni, na alilalamikia mgongo wiki nzima. Kimoja kilikuwa na dira kwenye kitako cha mpini. Dira ile ilielekea kwenye jokofu. Alizunguka nayo upande wa pili wa jokofu, ikageuka na kulielekea tena. Akasema jokofu ndilo lililowekwa vibaya.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na mikasi mikali. Jikoni alikuwa na kisu kimoja tu, butu, mpini wake umezungushiwa kitambaa. Siku moja, kwa haraka, alichukua kisu kwenye kabati la mumewe akakatia kamba ya gunia la viazi. Mume aliporudi akaona mkwaruzo, akanuna siku mbili.

"Kwani kisu si cha kukatia?" mke akamuuliza siku ya tatu.

"Hivi ni vya mkusanyiko, mke wangu."

"Sawa. Na cha kukatia vitunguu?"

"Nitakuletea mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi alirudi na kisu cha arobaini na tatu, chenye zana kumi na saba ndani, kijiti cha kuchokolea meno kikiwemo.

Ofisini walimwita Komandoo. Yeye alidhani ni heshima. Alivaa visu viwili kiunoni na kimoja mfukoni, akawa anapita katikati ya makabati ya mafaili kwa hatua za kunyata, kana kwamba adui amejificha kwenye herufi M.

Jumanne moja asubuhi, katibu muhtasi alikuwa ameinamia mashine ya kuchana karatasi, akiilisha barua za zamani. Ncha ya skafu yake ikaingia pamoja na barua. Mashine haikubagua. Ikaendelea kuvuta, skafu ikamkaza shingoni, na uso wake ukawa unashuka kuelekea kwenye meno. Swichi ilikuwa nyuma, mkono wake haufiki.

"Komandoo!" akapiga kelele. "Kata! Kata hii!"

Tusimwonee: hakukimbia. Aliruka kutoka kwenye kiti kama mtu aliyeisubiri siku hiyo miaka ishirini. Mkono ukaenda kiunoni, kwenye kisu chake kipenzi chenye mpini wa pembe bandia. Ukasita. Kile kilikuwa bado na nailoni yake ya dukani. Akageukia cha pili, kifungo cha ala kikagoma kuachia. Akatoa cha mfukoni, akapachika ukucha, akavuta kwa nguvu zake zote, kikachomoka kizibuo. Akakitazama kizibuo. Akajaribu tena, ikatoka tupa ya kucha.

"Nakufa, jamani!"

"Vumilia dada, nakuja!"

Mama wa usafi alikuwa mlangoni na ndoo. Aliiweka ndoo chini, akampita Komandoo kwa nyuma, akachomoa plagi ukutani. Mashine ikanyamaza. Kisha akalifungua fundo la skafu kwa vidole viwili, akaokota ndoo yake na kwenda kudeki ngazi.

Katibu muhtasi alikaa sakafuni akikohoa, machozi yakimtoka. Sauti iliporudi, alimwinulia macho yule bwana aliyesimama na tupa ya kucha mkononi.

"Ulikuwa unachagua?"

"Nilikuwa natafuta kinachofaa kitambaa."

Jibu hilo lilizunguka jengo zima kabla ya chai ya saa nne. Kufika mchana Komandoo alikuwa amevuliwa cheo. Sasa aliitwa Kizibuo, na hata meneja alimwita hivyo kikaoni, bila kutabasamu, akimwomba faili.

Jioni alivimwaga visu vyote kitandani, akaketi kando yavyo kama mfiwa. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Alijitahidi kweli asicheke. Aliuma midomo mpaka mumewe alipofika kwenye tupa ya kucha, hapo akashindwa, akacheka hadi akajishikilia ukuta. Kisha akachukua kipande cha kitambaa cha suruali akaanza kuvijaribu, kimoja kimoja. Cha kwanza kiliteleza. Cha tano kilipinda. Cha kumi na mbili kilibaki mpini mkononi, bapa likaanguka kwenye shuka. Katika arobaini na vitatu, vilivyokata ni viwili.

"Chuma," alisema mkewe, akavitia viwili hivyo kwenye mfuko wa aproni na kwenda navyo. Kimoja kikaenda jikoni, kingine kikawa cha kufumulia mishono. Mumewe hakuthubutu kupinga.

Ilimuuma zaidi ya jina jipya. Jumamosi alinunua jiwe la kunolea, akaketi uani, akaapa vyote vitakata. Alinoa tangu asubuhi, na kufikia adhuhuri kimoja kilikuwa kimeshika makali kabisa. Alilipima hilo kwa dole gumba.

Zahanati ilikuwa karibu. Muuguzi alimshona nyuzi nne, kisha akachukua kalamu na kuuliza amekatwa na nini. Uso wa karani ukang'aa. Akaeleza, kwa utulivu wa mtaalamu, kwamba ni kisu cha porini cha kukunja, bapa la inchi tatu na nusu, chuma kisichoshika kutu, mpini wa mpira, kufuli la pembeni, na makali ameyatia mwenyewe. Akaomba iandikwe hivyo hivyo.

Muuguzi akaandika: *Kisu.*

Akamwita mgonjwa mwingine.