Mama kaingilia usaili wangu

Leo mama yangu kajibu usaili wangu wa kazi.

Kuna maabara ya pwani inatafuta msaidizi wa utafiti wa vimea vya baharini, vile vidogo visivyoonekana bila hadubini. Nikaomba. Mimi, mtoto wa Lionja, kijiji cha bara huku, bahari nimeiona mara mbili tu.

Usaili wa simu. Kwetu mtandao unakamata ghalani tu, basi nimekaa juu ya gunia la korosho, spika wazi, mama pembeni anazichambua.

Mtafiti akauliza, "Utachukuaje sampuli ya maji isikudanganye?"

Nikaanza kubabaisha, "Eee, kwa chupa safi..."

Mama akachoka kunisikiliza. "Mwambie kama kwenye gunia. Usichote juu tu, juu watu wanapanga nzuri. Chota juu, katikati na chini."

Nikatamani kuzima simu.

"Huyo nani?" mtafiti akauliza.

"Mama yangu. Samahani sana."

"Usiombe samahani. Bahari nayo haichotwi juu tu."

Sasa niambieni, hapo kafaulu nani?

Wamesema watapiga Ijumaa. Mama kasema siku hiyo simu itakaa kwake.