Plasta Juu ya Taa Nyekundu

Mimi niliyeishia darasa la nne ndiye mwenye studio kubwa kuliko zote hapa Tabora. Video za wateja hukaa kwenye mashine yenye diski mbili. Moja ikifa, nyingine inazo. Taa nyekundu ya hitilafu ilipowaka, niliibandika plasta wateja wasiione.

Baadaye Mama Nyamizi akaja kutoka Goweko kutafuta sauti ya marehemu mumewe kwenye video niliyowahi kuwapiga. Mashine ikagoma. Nikamwita binti mmoja, fundi wa kompyuta.

“Diski moja ilishakufa, baba, na ya pili inaumwa. Nani kaziba taa?”

“Panya,” nikajibu.

Binti akahangaika mpaka marehemu akasikika akicheka. Mama Nyamizi akafuta machozi, akaitazama plasta, kisha akanitazama mimi.

“Hata yeye alificha homa hivyohivyo, kaka.”