Dole Gumba la Sijaona

Sijaona hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini hakuna karatasi inayopata alama ya dole lake kabla haijasomwa na watu watatu. Kila mmoja husoma peke yake, bila kujua mwenzake amesema nini. Na hamlipi mtu. Msomaji aliyelipwa, anasema, husoma kile anachotaka aliyemlipa. Wakishamaliza wote, na maneno yao yakalingana, ndipo anawaongezea ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye sahani.

Kuwapata wasomaji hakumsumbui. Anapika bugali, maharage na ndagala mbele ya ghala moja kwenye mtaa wa viwanda, pale Zone Industrielle, na wanaokula kwake ni makarani, madereva na wapakiaji. Zamani walimcheka. Siku hizi akiwanyoshea karatasi wanafuta mikono, wanasoma, kisha wanaendelea kula.

Sheria hiyo aliiweka akiwa amekwisha kuumia. Miaka kumi na moja iliyopita mume wake Yahaya, fundi wa magari wa mtaa wa Buyenzi, alifariki ghafla, na Sijaona akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nyumbani. Aliyemletea habari za nje alikuwa shemeji yake Massoudi, mdogo wa marehemu, na siku moja alikuja na karatasi na kikopo cha wino.

"Ni ya kumuandikisha mutoto, shemeji. Bonyeza hapa tu."

Akabonyeza. Alipomaliza eda alikuta garaji ya mume wake ina kibao kipya chenye jina la Massoudi. Karatasi ilisema mjane ameitoa kwa hiari yake. Kila alikokwenda kulalamika alionyeshwa dole lake mwenyewe. Hakuna aliyemwomba radhi, na yeye hajasamehe mpaka leo. Haoni sababu ya kusamehe kitu ambacho bado kinafunguliwa kila asubuhi na mtu mwingine.

Alichobaki nacho ni bisibisi ndefu ya Yahaya. Ncha yake marehemu alikuwa akiiweka kwenye injini, mpini sikioni, akisikiliza ugonjwa uko wapi. Binti yao Assia alikua na bisibisi hiyo mkononi. Sasa ana miaka kumi na sita, anamaliza shule ya msingi ya miaka tisa, na madereva wa ghala wamekwisha kumzoea akiinamia injini zao kama daktari.

Siku za Jumamosi wenzake wa darasa, Fadhila na Armel, walikuja kumsaidia kuosha sahani, na maneno yao yalikuwa mengi kuliko sahani zenyewe.

"Mi nitasomea uganga wa hospitali," alisema Fadhila. "Nivae nguo nyeupe, watu wanisalimie kwa heshima."

"We? Ukiona damu ya kuku unakimbia," alisema Armel. "Mi ni kompyuta. Nakaa kwenye kivuli, nabonyeza, mushahara unakuja. Na huyu Assia atabaki chini ya gari, tunaona miguu tu."

"Gari lako likikufa njiani utaijua hiyo miguu," alijibu Assia. "Utaiita dada."

Sijaona alicheka kimoyomoyo na kuendelea kusonga bugali. Hakumwambia mtu, lakini alikuwa amekwisha kuona kibao kingine, na jina la Yahaya juu yake.

Shule ikagawa karatasi za kuchagua masomo yanayofuata. Assia alijaza yake jioni hiyohiyo: chaguo la kwanza, ufundi wa magari. Lakini kwenye faili la shule mzazi aliyeandikwa ni Massoudi, kwa sababu baba mdogo ndiye husimama mahali pa baba. Akamwambia Assia ampe karatasi aweke sahihi yake, kisha atampelekea mama yake abonyeze. Akakaa nayo wiki nzima.

Siku ya mwisho ya kurudisha karatasi, saa nne asubuhi, Massoudi alifika ghalani kwa miguu, jasho likimtiririka. Gari lake lilikuwa la tatu kutoka mwisho kwenye foleni ya mafuta, yaliyokuwa yameadimika mjini.

"Shemeji, saa sita wanafunga. Bonyeza hapa tu."

Maneno yaleyale, na kikopo cha wino Sijaona aliona kama ni kilekile.

"Imeandikwa nini?"

"Si ile ya mutoto? Ufundi wa magari. Hauniamini? Mi si ndugu yako?"

"Ndugu yangu, umetembea juani. Kula kwanza."

Akampakulia sahani iliyojaa. Wakati Massoudi anapuliza maharage, Sijaona aliitazama ile karatasi. Kusoma hajui, lakini mwandiko wa mwanawe anaujua kama anavyoujua mwendo wake. Herufi za Assia huegemea nyuma, kama mtu aliyebeba ndoo nzito mbele. Hizi zilisimama wima kama askari.

Haukuwa mwandiko wa Assia. Hata hivyo kuhisi si kusoma. Aliingia ghalani kwa Astère, karani wa stoo.

"Nisomee hapa, mwanangu."

"Chaguo la kwanza, ushonaji. La pili, ushonaji. Mama Assia, mutoto ameacha magari?"

Sijaona aliichukua karatasi. Alivuka barabara kwa Daphrose, muuza dawa. Naye alimsomea vilevile: ushonaji.

Msomaji wa tatu, Massoudi mwenyewe, alikuwa bado anakula. Sijaona alirudi, akakunja karatasi ndogo kabisa na kuitia kwenye kifundo cha kitenge, akamwachia jirani yake vyungu.

"Shemeji, hii nitabonyeza mbele ya direkta wa shule. Twende."

"Kwa nini kwa direkta? Muda utaisha!"

"Ndiyo maana natembea haraka."

Massoudi aliacha sahani nusu, akamfuata mpaka shuleni. Hakuogopa sana, kwani faili lilikuwa na jina lake.

Direkta aliitwa Madame Amélie. Sijaona aliweka karatasi mezani, akasema imesomwa na wawili, na kwamba haikuandikwa na mwanawe. Assia aliitwa kutoka darasani. Aliisoma, akaigeuza nyuma na mbele.

"Baba mudogo, ya kwangu iko wapi?"

Massoudi alijikohoza. "Madame, mi ndiye baba yake sasa. Musichana mu garaji, watu watasema nini? Na garaji gani tena? Mafuta hakuna, magari yamelala. Atatengeneza nini?"

Direkta alimgeukia Assia. "Anauliza swali la kweli. Jibu."

Assia alimtazama mama yake. Sijaona hakutikisa hata kichwa. Hilo lilikuwa swali la binti.

"Gari likilala ndiyo linaharibika zaidi, Madame," alisema Assia, na sauti ikakaa sawa. "Betri inakufa, mipira inakauka, panya wanakula nyaya. Mafuta yakirudi, yote yatataka fundi siku moja. Na la baba mudogo litakuwa la kwanza, maana kulia kwake nilikusikia tangu mwezi uliopita. Ni beringi ya gurudumu la mbele."

Direkta alificha kicheko nyuma ya kalamu, lakini mabega yalimsaliti. "Dole la mama linatosha," alisema, akatoa karatasi mpya kutoka kwenye droo. Assia aliijaza pale pale, herufi zikiegemea nyuma.

"Mama, weka dole," alisema Assia.

"Apana. Kwanza isomwe."

Direkta akamsomea sikioni. Kisha Assia naye akamnong'oneza yake. Sijaona aliichukua, akamwekea Massoudi mikononi.

"Wa tatu ni we, shemeji."

"Mi? Kwa nini mi?"

"We unajua kusoma. Asubuhi umenisomea vizuri."

 Massoudi alimtazama direkta, na direkta alikuwa anamngojea. Ikabidi asome.

"Jina la mwanafunzi, Assia. Jina la baba..." Akameza mate. "Yahaya. Chaguo la kwanza, ufundi wa magari."

"Sauti, shemeji. Mi sina shule, nasikia polepole."

"Ufundi wa magari!"

Maneno ya wote watatu yalilingana. Sijaona alifungua kikopo cha Massoudi, akalichovya dole mpaka likawa jeusi lote, akalibonyeza na kulishikilia pale kwa muda mrefu. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini saa sita ifike.

Mlangoni alisimama na kumgeukia shemeji yake.

"Uje baadaye umalize sahani yako," alisema. "Nitakuongezea ndagala. Umesoma."