Aliyekataa Mtama wa Msaada

Kwa miaka minne nilimhusudu mtu aliyekufa kwa njaa zama za Vita ya Kwanza. Nilimjua kwa mstari mmoja tu. Majeshi yalipopita Rungwe na kukomba chakula, wamisionari waligawa mtama, na katika daftari lao, mbele ya jina lake, pameandikwa "amekataa". Neno hilo lilinikosha. Nikalijengea sura nzima ya kitabu changu: mzee jeuri anayewarudishia Wazungu msaada wao, wao waliowabebesha vijana wake mizigo ya vita.

Sura ilikuwa inakaribia kwenda kwa mchapishaji niliposikia kwamba kitukuu wake yupo Kisondela. Nikapanda bodaboda kutoka Tukuyu. Sitadanganya, nilikwenda kutafuta sifa.

Nilimkuta bibi wa miaka themanini na ushei, anamenya ndizi. Nikamsomea sura yangu, naye akaendelea kumenya mpaka nilipomaliza.

"Kwenye hilo daftari, anayefuata ni nani?"

Nikatazama nakala yangu. Mwanamke, amepokea. Sikuwahi kumjali.

"Ndiye bibi yangu, mzaa baba. Mke wa mwanawe. Sasa mwanangu, wewe si wa huku? Baba mkwe na mke wa mwanawe wanasimama mstari mmoja?"

Kwetu ni mwiko mke kukutana na baba mkwe wake au kumtazama. Mama yangu mwenyewe alikuwa akijitosa kwenye migomba kila babu, baba mkwe wake, alipotokea njiani, nami nikimcheka. Shahada zote hizi, na jambo la nyumbani kwetu likanipita.

Akanieleza. Wagawaji walitaka kila mtu apange foleni mwenyewe, kwa mpangilio wa daftari, na zamu ikikupita imepita. Mzee alimwona mkwe wake nyuma, tumbo limemtangulia, ameanza kurudi kinyumenyume ili ampishe. Akatoka yeye kwanza mstarini. Alipoitwa, alipunga mkono kukataa, akaenda zake. Kila siku ya mgawo ikawa hivyo, na mavuno hayakumkuta.

"Hakuwa na ugomvi na Wazungu," bibi alisema. "Alikuwa na mkwe mjamzito. Mimba yenyewe ni baba yangu."

Niliona aibu, aibu ya kweli. Nikashika kalamu, nikauliza kama bibi yake aliwahi kumsimulia mzee huyo alikuwa na sura gani, angalau niandike hilo kwa usahihi.

"Angejuaje?" alisema. "Hakuwahi kumtazama usoni."