Orodha Niliyoiandika Vizuri Mno

Nilipoacha kufundisha shule ya msingi, mama mmoja mwenye duka la nguo za watoto pale mtaa wa Kasenga, mjini Uvira, alinichukua nimfanyie kazi. Sisi sote tulimwita Patrone, yaani tajiri wetu. Nguo zake hazikushonwa dukani. Alikuwa na mafundi sita au saba waliotawanyika mtaani, kila mmoja nyumbani kwake, na yeye kazi yake ilikuwa kuuza. Aliuza dukani, aliuza kwenye makundi ya simu ya akina mama wa Uvira, aliuza kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, tena alikuwa na muuzaji Bukavu na mwingine ng'ambo, Bujumbura. Kila mahali maneno yalikuwa tofauti. Nguo iliyokwisha dukani wiki tatu zilizopita ilikuwa bado inang'aa kwenye ukurasa. Sketi iliyoandikwa ya miaka minne huku, kule Bujumbura iliandikwa ya miaka sita.

Siku ya kwanza kabisa nilikuta Patrone ameshika simu mbali na sikio. Mama mmoja wa Bukavu alikuwa anamtukana. Alikuwa ameagiza gauni la ubatizo la mtoto wa miaka miwili, likamfikia la mtoto wa miezi sita, Jumamosi jioni, na ubatizo ulikuwa Jumapili asubuhi. Mtoto alibatizwa amevaa blauzi ya dada yake.

"Unaona?" Patrone aliniambia alipokata simu. "Miye nalala na hii mambo, naamka na hii mambo. Weye umesoma. Unitengenezee."

Nikamtengenezea. Nilimwambia tusiandike mara tano, tuandike mara moja. Kuwe na orodha moja kwenye kompyuta ya duka, kila nguo na mstari wake: namba yake, kitambaa, urefu, upana, picha, siku za kushona, ziko ngapi, na nani ameishona. Yeyote anayeuza, popote alipo, achukue maneno hapo na si kwingine. Kijana wa kompyuta wa Bukavu alitufungia mambo hivi kwamba nikibadilisha neno moja Kasenga, linabadilika kwenye ukurasa na kwenye simu za wauzaji wote wawili. Mimi ndiye niliyemwomba pia kila siku orodha ijihifadhi nakala. Niliogopa umeme.

Ili kuijaza, nilizunguka kwa mafundi na futi ya kupimia na daftari. Wengi nilimalizana nao kwa nusu saa. Aliyenichukua siku nzima ni fundi wa magauni ya ubatizo, mama wa makamo ambaye nilimwita Yaya, yaani dada mkubwa, tangu utotoni, kwa sababu kwao na kwetu tulichangia ukuta. Yeye ndiye aliyewashonea wanangu wote watatu. Nyonga yake moja ilikuwa mbovu, kwa hiyo hakuzunguka sana. Aliketi kwenye chumba cha mbele, mlango wazi, cherehani ya kukanyaga mbele yake, kitambaa cheupe kimefunikwa na shuka. Kabla ya kukigusa alinawa mikono, hata kama alinawa dakika kumi zilizopita. Lesi ya shingoni na mikononi aliifuma mwenyewe kwa sindano. Alifundishwa kushona na masista alipokuwa msichana, lakini ile lesi, majani madogo matatu matatu yaliyoinama upande mmoja, aliitunga yeye. Uvira nzima ikiona majani yale ilijua ni nani.

Hakutaka picha.

"Picha ikienda huko kwenye simu za bantu, watu nisiobajua," aliniuliza, "miye nabakia na nini?"

"Unabakia na jina, Yaya. Jina yako itakuwa pale. Kila fasi, kila pahali nguo iko, na jina yako iko."

"Kila fasi?"

"Hata Bujumbura."

Alinitazama kidogo, halafu akatandaza gauni mezani na kulinyoosha kwa viganja. Picha niliyopiga ilitoka na mikono yake ndani. Niliiacha hivyo.

Miezi ile ya kwanza sikumbuki kazi yoyote niliyoipenda zaidi. Matusi yalikwisha. Nguo ikiisha, niliandika "haiko," na ikawa haiko kila mahali. Jirani alimwonyesha Yaya jina lake kwenye simu, naye akataka lisomwe mara mbili, akasema wameandika kama la mtu wa ofisi. Maagizo yake yakawa mengi kuliko alivyoweza. Wateja walingoja. Mama mmoja wa Bwegera alisogeza mbele ubatizo wa mapacha wake ili angojee magauni.

Wateja wakizidi, maswali huzidi. Lesi hii inafumwa kwa uzi gani? Inafuliwa? Kwa nini gauni linasimama hivyo bila kulegea? Patrone alikuwa ananitumia maswali yale moja moja, mpaka akachoka. "Enda ukaandike yote," akasema. "Bantu basome, baache kuniuliza."

Nilikwenda kwa Yaya siku tatu mfululizo, nikakaa kwenye kigoda pembeni yake. Nilimuuliza kila kitu. Uzi namba ngapi. Anaanza na vitanzi vingapi, jani linageuka kwenye kitanzi cha ngapi, mikunjo ya kiunoni ni mingapi na kila mkunjo una upana gani. Alinionyesha hata uwanga wake wa kukazia nguo, alioutengeneza kwa maji ya muhogo yaliyotulia usiku kucha, akayachanganya na kitu kidogo chenye harufu yake, cha kuyafanya yasiache unga. Alicheka.

"Weye, unataka kuuzisha ao kushona?"

"Ni bakiriya, wateja, ndio banauliza, Yaya."

"Eh! Kama ni bakiriya, andika."

Nilikuwa mwalimu. Kuandika jambo kwa mpangilio hadi asiyelijua alielewe, hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Niliandika vizuri mno. Niligawa hatua kwa hatua, nikapiga picha ya kila hatua, nikachora hata mchoro wa jani na namba za vitanzi vyake, na uwanga nao nikauandika.

Hazikupita wiki nyingi Patrone akaniambia nitoe safu ya majina ya mafundi. Alisema wateja wawili walikuwa wamemtafuta Yaya moja kwa moja nyumbani kwake.

"Duka ni yangu ao ni yake?" aliuliza.

"Lakini nilimwahidi, Mama."

"Weye ulimwahidi. Miye sikumwahidi."

Nikaitoa. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara moja, na majina yote yakapotea Uvira, Bukavu na Bujumbura kwa pamoja. Nilijiambia nitamweleza Yaya nikipata nafasi nzuri. Nilipita mlangoni kwake kila asubuhi nikienda kazini, nikimsalimia kwa sauti ya juu kidogo, bila kusimama.

Halafu Patrone akataka nakala ya orodha nzima ampelekee muuzaji wa Bujumbura, pamoja na michoro. Nilimuuliza muuzaji anataka michoro ya nini. Akasema bakiriya wa kule wanauliza sana. Nikampa.

Baada ya hapo maagizo ya Yaya yalipungua. Patrone alisema ni msimu, bantu hawazai kama zamani, na akacheka. Lakini orodha ilikuwa mikononi mwangu, na orodha haikuwa na msimu. Kwenye mstari wa gauni lile, pale palipoandikwa ziko ngapi, nilikuta mtu mwingine ameandika arobaini. Yaya alishona mawili kwa wiki, matatu kama nyonga haikumuuma. Siku chache baadaye zikawa kumi na mbili, kisha tena arobaini. Nilimuuliza Patrone.

"Iko fundi mwingine anasaidia."

"Wapi?"

"Ng'ambo. Bako na mashine. Mbona unauliza kama polisi?"

Nilijua siku hiyo. Nisije nikasema nilidanganywa. Nilijua, nikarudi kwenye kiti changu, nikaendelea kurekebisha urefu wa kaptula za shule. Nilinyamaza majira yote ya mvua.

Aliyefungua jambo ni mama wa Uvira hapahapa, ambaye lesi ya gauni lake ilifumuka alipoanza kulifua shingoni mara ya kwanza. Alikuwa anajua kazi ya nani, au alidhani anajua, kwa hiyo hakurudi dukani. Alikwenda moja kwa moja kwa Yaya akamwambia, mama, kazi yako imeachia. Yaya akaniita. Nilimkuta ameketi pale pale, gauni liko magotini.

"Kamata," akaniambia.

Nikalishika. Majani yalikuwa matatu matatu, yameinama upande mmoja.

"Hii si mukono yangu. Miye sishone hii. Lakini hesabia vitanzi." Alinivutia kitambaa karibu. "Hesabia. Iko sawasawa. Mikunjo iko sawasawa. Nikasema, labda waliona ya kwangu, wakaiga. Bantu banaiga, hainiumize. Halafu nikanusa." Aliinua pindo la gauni, lililokuwa halijafuliwa, hadi puani pangu. "Hii ni uwanga yangu. Uwanga haionekane mu picha. Nani alibaambia?"

Nilikuwa na maneno mengi tayari kichwani. Patrone, wateja, kijana wa Bukavu.

"Ni miye, Yaya."

"Na jina?"

"Niliitoa."

"Lini?"

Nilipomwambia, alihesabu kwa vidole, kimoja kimoja, miezi ile niliyopita mlangoni kwake. Hakupaza sauti. Alichukua sindano akaanza kuirekebisha ile lesi, kwa sababu mwenye gauni alikuwa anarudi kulichukua saa tisa.

Niliondoka pale nikaenda dukani na hasira ambayo ilipaswa kuja miezi mingi kabla. Nilimwambia Patrone alichofanya ni wizi. Alikuwa anakunja vitambaa, na hakuacha kukunja.

"Wizi ya nini? Nguo ilikuwa mu duka yangu. Ordinateri, hii kompyuta, ni yangu. Lisiti, orodha yote, ni yangu. Maneno ni yako, na weye nilikulipa."

"Ile kazi ni ya Yaya. Aliitunga mwenyewe."

"Basi umuulize nani alitunga mikunjo. Nani alitunga mikono ya gauni. Mama, miye niko na bakiriya miji tatu wanangoja, na fundi wako anashona mbili kwa wiki. Nifanye nini?"

Niliketi kwenye kompyuta mbele ya macho yake, nikafuta. Hatua zote, picha, mchoro wa jani, namba za uzi, vipimo. Nilifuta mstari mzima. Patrone alinitazama hadi nikamaliza, kisha akampigia kijana wa Bukavu, na kabla sijavaa viatu orodha ya jana ilikuwa imerudi, nzima, na kila kitu ndani yake. Nakala za kila siku zilifanya kazi kama nilivyoomba.

"Kesho usikuje," Patrone akasema.

Tangu hapo nachapa barua na ripoti za watu kwenye kibanda kimoja karibu na ofisi za serikali. Duka linaendelea vizuri. Wamemchukua msichana aliyesoma, na nasikia orodha ni ileile, ameiongezea tu.

Yaya aliendelea kuketi mlangoni kwa muda. Wateja waliomfikia walikuwa ni wa kurekebisha, wakileta magauni ya ng'ambo yaliyofumuka. Mimi alinisalimia vizuri. "Habari ya asubuhi, mama," alisema, yeye ambaye hajawahi kuniita mama maishani, na mimi niliitikia nikipita. Baadaye hata marekebisho yalikauka, maana kule ng'ambo walijifunza kuifunga lesi isifumuke. Siku moja nikakuta mlango umefungwa. Alikuwa ameuza cherehani na kwenda kijijini Lubarika kwa kaka yake.

Mwaka huu mdogo wangu alibatizisha mtoto wake wa kwanza. Alinionyesha gauni usiku wa kuamkia misa, nami nikamsaidia kulinyoosha, kwa sababu alilinunua kwa furaha na kwa sababu lilikuwa zuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Lilikuwa zuri. Kanisani akina mama waligusa majani ya shingoni wakauliza ametoa wapi, naye akawatajia namba ya gauni, namba niliyoipanga mimi.

Jumanne yake nilipanda pikipiki hadi Lubarika. Nilimkuta shambani anachambua maharagwe, ameketi kwenye gunia, mguu mbovu ameunyoosha. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilipoanza, aliinua mkono.

"Usiniombe musamaha. Ukiniomba, itabidi nikujibu."

Nikakaa chini, nikavuta rundo la maharagwe upande wangu, tukachambua. Alinieleza kuhusu mvua, na kuhusu mke wa kaka yake ambaye hapendi kumwona amekaa. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka, na udongo mweusi umeingia kwenye nyufa. Jua lilipoanza kushuka alifunga maharagwe kidogo kwenye kitambaa, akanipa.

"Enda sasa. Usiku njia si muzuri."

"Nitarudi, Yaya."

"Sijakuita," akasema, bila ukali, akarudi kwenye rundo lake.