Mashine Sita na Picha za Majani ya Chai

Mkuu wa chuo chetu hapa Nyamira alinipa mpaka Ijumaa. Kompyuta zangu sita zikifanya kazi pamoja, halafu bado zishindwe kwa kasi na ile moja mpya ya ofisini kwake, chumba changu kingegeuzwa stoo ya mbolea. Nilikasirika, maana nilikuwa nimezikusanya kwa mikono yangu: mbili nzuri, tatu za kati, na kikongwe kimoja kinachonguruma kama kinu cha posho.

Kazi ya kupimia ilikuwa picha za majani ya chai ambazo wanafunzi walipiga kwenye mashamba ya Nyansiongo. Kompyuta ilipaswa kutenga majani yenye ugonjwa. Ile ya mkuu ilichukua saa tatu. Mimi mtu wa ziwani, majivuno sikosi, nikagawa picha mafungu sita sawasawa na kuanza kuhesabu muda. Zile nzuri zikamaliza upesi, zikatulia. Kikongwe kikang'ang'ana na fungu lake peke yake, saa ya nne ikapita. Kazi ya wengi haijaisha mpaka wa mwisho amalize, kwa hiyo tulikuwa tumeshindwa. Niliona aibu.

Mama wa kantini akaja kuchukua vikombe.

"Mwalimu, hizi zingine mbona zimekaa tu?"

"Zimemaliza kazi yao."

Akacheka. "Sisi kwa egesangio, kikundi chetu cha kusaidiana, tukichuma chai kwa shamba ya mwenzetu, ukimaliza laini yako unaingia kwa ya yule amebaki nyuma. Ukienda kukaa kwa kivuli, nani atakuja kwako siku yako ikifika?"

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hiyo mgeni, yaani mimi niliyetoka ziwani, ndiye aliyepona. Nikazikata picha vifungu vidogo vidogo, kila mashine ikimaliza kimoja ichukue kingine.

Ijumaa mkuu alikuja na saa yake mkononi, yangu hakuiamini. Saa moja na ushei, kazi ikaisha. Nilifurahi hata nikapiga meza.

"Chumba ni chako," alisema, kisha akainamia orodha ya vifungu. "Lakini hiki kizee kimefanya vitatu tu. Kitupe."

"Mkuu, bila hivyo vitatu, wengine wangeongezewa kazi."

Alikitazama kikinguruma.

"Basi kiache," alisema. "Hata mimi nastaafu Desemba."